Kokteli za Nyumbani Dodoma: Pima, Tikisa, Mimina

Maswali ni yale yale. Mtu amenunua chupa ya ramu, amekamua ndimu, ametia sukari, ameonja, amekunja uso, halafu ananipigia simu: "Mbona yangu inachoma?" Mwingine anataka kujua kama ni lazima awe na ile chupa ya chuma wanayotikisa kwenye mahoteli. Wa tatu yuko Ipagala, shemeji zake wameshuka treni ya SGR jioni hiyo kutoka Dar, na anauliza kama Konyagi inaweza kukaa mahali pa jini (gin). Nimeyajibu haya kibarazani na kwa simu mpaka nimeona niyaweke pamoja, hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kuchanganya chochote zaidi ya Konyagi na soda.

Jibu la mengi kati ya hayo ni moja: pima. Jikoni tumezoea kukisia, na kwenye mchuzi kukisia kunafaa kwa sababu sufuria ni kubwa na unaonja ukiongeza. Glasi ya kokteli ni ndogo. Ndimu ikizidi kwa kijiko kimoja cha chai, kinywaji chote kimegeuka. Anayepima atapata leo alichopata jana. Anayekisia atapata nzuri mara moja, na hatajua aliipataje.

Jambo la pili ni barafu. Hilo nitalieleza kwa kirefu, maana hapa Dodoma ndipo wengi wanapokwama.

Mwongozo huu ni wa watu wazima waliotimiza miaka 18. Kama una mimba, unatumia dawa, au utaendesha gari au pikipiki usiku huo, nenda moja kwa moja hatua ya 11. Kinywaji chako kiko pale, na nimekipima kwa uangalifu ule ule.

Kabla ya kuanza

Vyombo vingi unavyo tayari:

- Kipimo. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya mtoto kina mistari ya mililita 5, 10 na 15. Kioshe vizuri, ndicho nilichoanzia. Bora zaidi ni bomba la sindano la ml 20, bila sindano yenyewe, kutoka duka la dawa. Ukiwa na toti ya baa, ijaze maji na uyapime kwanza, kwa sababu toti hazilingani.
- Kopo la kutikisia. Tumia kopo la plastiki ngumu au la chuma lenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, la nusu lita au zaidi kidogo. Ile ya mahotelini ni nzuri, lakini si sharti.
- Chujio la chai.
- Mchi mdogo wa mti. Uwe wa kazi hii peke yake. Mchi uliotwanga kitunguu saumu mwaka mzima hautakuachia kinywaji salama hata uuoshe mara tatu.
- Kijiko kirefu na glasi za kawaida.

Onyo: Usitikise barafu ndani ya chupa ya chai, ile yenye kioo ndani. Kioo kile ni chembamba, kinapasuka, na vipande vyake huwezi kuvitofautisha na barafu. Kopo la jemu la kioo nalo liache.

Vya kununua, kwa kuanza, viwe vichache: chupa moja ya ramu nyeupe au Konyagi, ndimu kumi, malimao matatu, sukari, asali, tangawizi mbichi na maji ya soda yasiyo na sukari. Watu hununua chupa sita za pombe kali siku ya kwanza, kisha hawana hata ndimu moja nyumbani. Nunua chupa moja, uijue, ndipo uongeze ya pili.

Kuhusu pombe yenyewe: nunua dukani, chupa iwe imefungwa, kizibo kizima na stempu ya kodi ya TRA ipo. Kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu, itumie. Gongo usiweke kwenye kokteli hata mtu akikuapia ni safi. Pombe isiyopimwa inaweza kuwa na methanoli, na methanoli huua macho kabla ya kumuua mtu. Ndimu na asali hufunika ladha yake tu, sumu inabaki pale pale.

Hatua kwa hatua

1. Gandisha barafu siku moja kabla. Maji mengi ya bomba hapa mjini yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na kila mwenyeji anajua yana chumvi. Chumvi hiyo haiondoki kwa kugandisha. Itayeyuka ndani ya glasi yako, na utalaumu ramu. Tumia maji ya chupa au ya dukani yaliyochujwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila chumvi kunaiacha.

Gandisha kwenye makopo matupu ya aiskrimu au siagi, si kwenye trei ndogo peke yake. Bonge kubwa linayeyuka polepole, na mchana wa Oktoba hapa, jua likiwa limesimama wima, utaona tofauti yake ndani ya dakika tano. Ukitaka kutumia, litoe, liache dakika chache lilainike, lifunge kwenye taulo safi ya jikoni, lipige kwa mchi mpaka lipasuke vipande vya ukubwa wa yai. Funika makopo hayo ndani ya friji. Barafu hunyonya harufu, na sato aliyelala jirani yake usiku kucha utamkuta kwenye kinywaji.

Kiasi: wageni wanne, glasi mbili mbili, andaa kilo tatu. Najua inasikika nyingi. Sehemu kubwa inatumika kutikisia na kumwagwa.

2. Tengeneza shira. Kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji. Pasha moto huku ukikoroga mpaka sukari iyeyuke, kisha epua. Hii si shira ya kaimati, haitakiwi iwe nzito, hivyo usiiache ichemke. Ipoze, itie kwenye chupa safi, weka kwenye friji. Inakaa wiki mbili.

Kwa nini usitie sukari kavu moja kwa moja? Sukari huyeyuka polepole sana kwenye baridi. Itazama chini, mnywaji mwanzoni atapata uchachu mtupu na mwishoni atatafuna chembe.

3. Tengeneza shira ya asali na tangawizi. Para tangawizi gramu 60, mwagia maji ya moto ml 100, funika dakika ishirini, chuja kwa kukamua, changanya na asali ml 200. Asali ya nyuki wakubwa kutoka Itigi au Manyoni inafaa sana hapa, kwa sababu ina ukali wake na haimezwi na tangawizi. Maliza ndani ya wiki moja.

4. Kamua ndimu dakika ya mwisho. Viringisha ndimu juu ya meza kwa kiganja mpaka ilainike, ndipo uikate. Ndimu moja ya soko la Majengo, ikiwa nzuri, itakupa ml 15 hadi 20. Hesabu mbili kwa glasi, na zikiwa za ngozi ngumu za kiangazi, zaidi ya hapo. Chagua zenye ngozi nyembamba na uzito mkononi, hata kama rangi yake imeanza kuwa njano. Wengi huzikwepa hizo, na ndizo zenye maji. Juisi ya jana usiitumie. Ya kwenye chupa ya plastiki dukani usiiguse kabisa kwa kazi hii.

5. Changanya kokteli ya kwanza: Daiquiri. Ni ya Kuba, jina lake ni la kijiji karibu na Santiago, na ina vitu vitatu tu. Ndiyo maana naitaka iwe ya kwanza, kwani haina pa kujificha. Ukiiweza hii, umeziweza nusu ya kokteli zote zenye ndimu.

- Ndimu ml 25
- Shira ml 20
- Ramu nyeupe ml 60

Tia kwenye kopo kwa mpangilio huo huo. Ukikosea ndimu, utamwaga ndimu; ukianza na ramu, utamwaga ramu. Jaza barafu theluthi mbili ya kopo, funga kwa nguvu, shika kwa mikono miwili, mmoja juu ya kifuniko. Tikisa kwa nguvu, barafu igonge juu na chini, huku ukihesabu moja hadi kumi na tano polepole. Chuja kwenye glasi iliyokuwa ndani ya friji. Barafu iliyobaki kwenye kopo imwage, usiitumie tena.

Kosa la kawaida: kutikisa kwa aibu, kama mtu anayechanganya dawa ya kikohozi. Kule kutikisa hakupozi tu, kunaongeza maji, karibu robo ya kinywaji, na maji hayo ni sehemu ya kokteli. Pombe "inayochoma" mara nyingi ni pombe iliyotikiswa sekunde nne.

6. Onja, kisha rekebisha kwa ml 5 tu. Ikiwa chachu mno, ongeza shira ml 5. Ikiwa tamu mno, ndimu ml 5. Tikisa tena kidogo, onja, andika kwenye karatasi. Ndimu zetu hazifanani msimu hadi msimu, hivyo kipimo cha kitabu cha Ulaya ni mahali pa kuanzia tu. Rudia Daiquiri siku tatu tofauti, glasi moja kila siku, kabla ya kwenda mbele. Naomba uniamini katika hilo.

7. Sasa Konyagi, na lile swali la jini. Ndiyo, inaweza kukaa mahali pa jini kwenye vinywaji virefu vya ndimu na soda. Ila kumbuka Konyagi ni asilimia 35, na jini nyingi ni 40 au zaidi. Maana yake inazama haraka kwenye maji. Ukifuata kipimo cha kawaida cha Tom Collins, kokteli ndefu ya jini, limao na soda, chenye soda nyingi, utapata maji yenye harufu. Punguza soda:

- Limao ml 25
- Shira ml 20
- Konyagi ml 60
- Maji ya soda ml 60, badala ya 90

Tikisa vitatu vya kwanza kwa sekunde kumi, chuja juu ya barafu mpya kwenye glasi ndefu, kisha mimina soda na koroga mara moja. Soda haitikiswi, kamwe. Gesi itatafuta pa kutokea na kifuniko kitakwenda ukutani. Ukipenda, ponda kidogo bua la mchaichai na uliache limesimama ndani ya glasi. Mchaichai unaota hata kwenye ndoo nyuma ya nyumba, na kwangu ndio unaoipa Konyagi heshima yake.

Kwenye Martini au Negroni, kokteli za jini zisizo na juisi, Konyagi haitoshi. Kule jini ndiyo inayozungumza, na huwezi kumweka mwingine azungumze badala yake.

8. Waini ya Dodoma juu ya wiski: New York Sour. Hii naipenda kuliko zote. Sisi tunaishi katikati ya mashamba ya zabibu. Hombolo, Mpunguzi, Makutupora kwenyewe, zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ufaransa hawalipati. Lakini ukiingia nyumba nyingi za hapa utakuta waini inatolewa Krismasi tu, au inachanganywa na soda ya kola. Kuna kokteli ya zamani ya Marekani, tangu karne ya 19, iliyotengenezwa kama vile mtu alikuwa anaifikiria Dodoma.

- Limao ml 25
- Shira ml 25
- Wiski ml 60, ya Marekani ikipatikana
- Waini nyekundu kavu ml 15

Tikisa vitatu vya kwanza kama Daiquiri. Chuja juu ya bonge moja kubwa la barafu. Sasa geuza kijiko, mgongo wake uwe juu, ukiweke karibu kugusa kinywaji, na umimine waini polepole juu ya mgongo huo. Waini itatandaa na kubaki juu, nyekundu juu ya dhahabu. Usikoroge. Mnywaji apite kwenye waini kwanza, ndipo wiski imfikie.

Mara ya kwanza nilitumia waini tamu, ya aina ya Dompo, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo mezani. Ilizama yote. Sukari ni nzito, hivyo waini tamu inashuka chini, na kinywaji kikawa kama sharubati ya kikohozi. Soma lebo: iwe imeandikwa Dry. Waini ya zabibu ya Makutupora au ya Syrah iliyo kavu inafanya kazi hii vizuri, kwa kuwa ina ukavu unaoshika ulimi. Ukiwa huna budi kutumia tamu, punguza shira hadi ml 15, na ukubali kuwa haitaelea.

Na angalia unakonunua. Chupa iliyosimama dirishani ikipigwa na jua la saa nane mchana, miezi mitatu, imeshapikwa. Omba chupa ya ndani. Ukifungua, izibe, iweke kwenye friji, imalize ndani ya siku tatu au nne.

Kwa waini nyeupe ya hapa, Chenin Blanc kavu, fanya rahisi zaidi: waini ml 120, maji ya soda ml 60, kipande cha limao, barafu nyingi. Hakuna cha kutikisa. Kwa mchana wa Jumapili chini ya mti, inatosha kabisa.

9. Za kukoroga: Negroni. Kanuni ya jumla ni fupi. Penye juisi, tikisa. Pasipo na juisi, pombe tupu, koroga. Negroni ni ya Italia: jini ml 30, Campari (pombe nyekundu chungu) ml 30, vermuthi nyekundu tamu (waini yenye viungo) ml 30. Tia kwenye glasi yenye barafu kubwa, koroga kwa kijiko kirefu sekunde ishirini na tano hadi thelathini, weka ganda la chungwa ulilolikamua juu yake mafuta yatoke. Ni chungu, na mtu asiyezoea atashangaa. Viungo vyake ni ghali hapa, hivyo nakushauri uionje kwanza kwenye hoteli kabla ya kununua chupa tatu. Vermuthi ni waini, ikifunguliwa inakaa kwenye friji. Chupa iliyokaa juu ya kabati tangu mwaka jana imekufa.

10. Za kisasa. Tatu zinatosha.

*Dawa.* Imezaliwa kwa majirani, Nairobi, kwenye hoteli ya Carnivore iliyofunguliwa 1980, na asili yake ni caipirinha, kokteli ya ndimu na sukari ya Brazili. Kata ndimu moja vipande vinane, ponda kidogo kwenye glasi na vijiko viwili vya chai vya sukari, tia vodka ml 60, jaza barafu iliyopondwa. Chovya kijiti kwenye asali nzito, kiache humo, mnywaji akoroge mwenyewe kadiri ya utamu anaoutaka. Ponda kwa kubonyeza mara tano au sita, basi. Ukiendelea, ganda jeupe la ndani linatoa uchungu ambao hakuna asali itakayouondoa. Mnanaa nao ni hivyo hivyo ukitengeneza Mojito, kokteli ya ramu, ndimu na mnanaa. Ubonyeze, usiutwange kama kisamvu.

*Penicillin.* Sam Ross aliitengeneza New York mwaka 2005. Limao ml 20, ile shira ya asali na tangawizi ml 20, wiski ya Uskoti ml 60. Tikisa, chuja juu ya barafu, kisha dondosha juu yake ml 5 za wiski ya moshi kutoka kisiwa cha Islay. Bila moshi huo bado unapata kinywaji kizuri cha asali na tangawizi, kwa hiyo ukosefu wake usikuzuie. Mwezi Juni na Julai, upepo wa jioni unapokuwa wa baridi, hakuna nyingine ninayoitaka.

*Espresso Martini.* Dick Bradsell, London, miaka ya 1980. Asili yake inatumia espresso, kahawa nzito ya mashine, na likeri (pombe tamu) ya kahawa. Sisi tuna Africafé ya Bukoba: vijiko viwili vya chai kwenye maji ya moto ml 30, koroga, poza kabisa, kisha vodka ml 50 na shira ml 20. Tikisa kwa nguvu zote sekunde ishirini. Povu litasimama. Kahawa ikiwa bado ya moto itayeyusha barafu yote na povu halitakuja. Na usiinywe saa nne usiku kama una kikao asubuhi.

11. Kwa asiyekunywa. Karibu kila meza ya hapa ina mtu wa aina hii, kwa dini, kwa afya au kwa kutopenda tu, na kumpa soda ya chupa wakati wengine wanatengenezewa ni kumweka pembeni. Loweka ukwaju gramu 100 kwenye maji ya moto ml 300 nusu saa, ukande kwa mkono safi, chuja. Kwenye kopo tia maji hayo ya ukwaju ml 60, shira ya asali na tangawizi ml 30, tikisa na barafu, chuja juu ya barafu mpya, ongeza maji ya soda ml 90. Tumia kopo lake, chujio lake na kipimo chake ambavyo havijagusa pombe, na mweleze kabla hajauliza.

12. Wageni wakiwa wengi, changanya jagi. Zidisha tu. Kwa Collins nane za Konyagi: Konyagi ml 480, limao ml 200, shira ml 160. Koroga, funika, weka kwenye friji si zaidi ya saa nne. Soda na barafu havimo kwenye jagi, vinaingia kwenye glasi wakati wa kumimina. Kila glasi ml 105 za jagi, soda ml 75 hapa kwa sababu hukutikisa. Weka maji ya kunywa mezani pamoja na nyama choma au karanga, na namba ya dereva wa bajaji unayemwamini iwe imeshapigiwa mapema.

Ikikataa

*Imekuwa ya maji.* Barafu yako ilikuwa ndogo au imeshaanza kuyeyuka. Mwaga maji yaliyo chini ya barafu kabla ya kuitumia. Kama vipande ni vidogo, tikisa sekunde nane badala ya kumi na tano.

*Inachoma kooni.* Hukutikisa vya kutosha, au ulimimina pombe bila kipimo. Irudishe kwenye kopo na barafu, sekunde tano.

*Ni chachu na ni tamu kwa pamoja, lakini haina ladha.* Pombe ni kidogo. Hii hutokea mtu anapoongeza ndimu, kisha shira, kisha ndimu tena. Acha kuongeza. Tia pombe ml 15, tikisa.

*Ina uchungu usioeleweka.* Ndimu ilikamuliwa mpaka ganda likapondeka, au mbegu zilitikiswa pamoja. Chuja juisi kabla. Kama sivyo, onja barafu peke yake.

*Asali imeganda chini ya kopo.* Uliitia ikiwa nzito. Asali haiingii kwenye barafu kabla ya kulainishwa na maji ya moto, isipokuwa ile ya kijiti cha Dawa.

*Kifuniko cha chuma kimegoma kufunguka.* Baridi imekikaza. Usikigonge ukingoni mwa meza. Kifunike kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu sekunde kumi, kisha kizungushe.

*Umeme umekatika saa moja kabla ya wageni.* Usifungue friji ovyo. Toa mabonge yote kwa mara moja tu, yafunge kwenye gazeti kisha blanketi, yaweke kwenye ndoo yenye kifuniko kivulini. Yatakufikisha usiku. Badilisha menyu: acha vinywaji vya kutikisa, toa waini nyeupe na soda, na Dawa, ambayo haihitaji barafu ya kutikisia. Shira haina wasiwasi, itakaa nje hadi kesho. Limao lililokwisha kukamuliwa litumie usiku huo huo.